Upande wa Kusini wa Darasa

Agatha Margwe alifundisha Jiografia na Uraia kwa zaidi ya miaka ishirini katika sekondari moja ya kata upande wa Hirbadaw, na katika muda wote huo hakuna mwanafunzi aliyechelewa kipindi chake mara mbili. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mzaliwa wa milima ya Mbulu, na alivaa sweta hata siku ambazo jua la Hanang lilikuwa linapasua midomo. Alitembea haraka. Viatu vyake vilikuwa na visigino vigumu, na wanafunzi wakivisikia kwenye korido walinyamaza kabla hajafika mlangoni.

Walimwita Ikweta. Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kila darasa jipya alilopewa, siku ya kwanza alisimama kwenye njia iliyo katikati ya madawati na kusema, "Hapa ninaposimama ni ikweta." Waliofaulu aliwakalisha upande wa madirisha, ambako kulikuwa na mwanga na mlima ulionekana. Huko kukawa kaskazini. Walioshindwa aliwapeleka upande wa ukuta, ambako bati lilivuja. Huko kukawa kusini.

"Kaskazini wanazalisha," alisema. "Kusini wanasubiri msaada. Kila mtu achague anapotaka kuishi."

Baada ya kila jaribio watu walihama, na walihama mbele ya wenzao, wamebeba mikoba, yeye akisoma majina kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Aliyekuwa wa mwisho kabisa alikaa kwenye kona ya mafagio. Kona hiyo iliitwa Antaktika.

Wazazi walimpenda, kwa sababu watoto walifaulu. Walimu wenzake walimheshimu na kumkwepa. Hakuolewa, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini. Kilichojulikana ni kwamba alikuwa binti wa mkulima wa maharage, na kwamba baba yake alikubali asome baada ya padri kwenda pale nyumbani mara nyingi mpaka mzee akachoka. Shuleni alichapwa mpaka akajua, na maisha yake yote aliamini kwamba kuchapwa ndiko kulikomfanya ajue.

Ni lazima isemwe pia kwamba alikuwa mwalimu kweli. Alieleza upepo wa bahari na upepo wa nchi kavu mpaka mtoto ambaye hajawahi kuona maji makubwa kuliko bwawa la kunyweshea ng'ombe akauhisi shavuni. Somo la Uraia alilifundisha kwa mahakama. Kila Ijumaa kidato cha tatu kiligeuzwa chumba cha kesi: kulikuwa na mshtakiwa, mwendesha mashtaka, mashahidi na karani, na yeye mwenyewe alikuwa hakimu. Vipindi vyote vilitakiwa kuwa kwa Kiingereza, lakini mahakamani aliruhusu Kiswahili. "Hakuna anayeweza kujitetea kwa lugha anayoiogopa," alisema. Wanafunzi wake wa zamani walijulikana hata mnadani Katesh kwa kumuuliza mgambo anawakamata kwa sheria gani.

Kazi ya karani wa mahakama ilikuwa kuwaapisha mashahidi, na mwaka ule alimpa Hermani.

Hermani alikuwa kijana wa Getanuwas, mtoto wa mama mjane, mkubwa wa mwili na mpole, na alikuwa na kigugumizi kibaya. Neno lilimkwama kooni mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Agatha alilijua hilo tangu wiki ya kwanza, siku alipomwinua ataje mabara. Kijana alikwama kwenye Amerika. Agatha akatazama saa yake, akakaa kwenye ukingo wa meza, akasema, "Endelea. Tutasubiri. Kolombasi naye alichukua muda kufika huko." Darasa likacheka mpaka likachoka. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa, Hermani alisimama mbele kumwapisha shahidi, na kila Ijumaa kiapo kilichukua sehemu kubwa ya kesi. Agatha alisema anamfanyia dawa. Hermani alikaa Antaktika, na ukweli ni kwamba kwenye karatasi alijua majibu mengi, lakini hapakuwa na karatasi iliyomfanya Agatha asahau ule mdomo.

Kisha macho ya Agatha yakaanza kufa.

Yalianza pembeni. Aligonga bega kwenye fremu za milango aliyoipita miaka yote. Watu walimsalimia kutoka ubavuni asiwaone, nao wakasema ile jeuri ya Mbulu sasa imezidi. Asubuhi moja alimimina chai mezani, kando ya kikombe, na akaendelea kumimina mpaka ikamfikia magotini. Wakati wa likizo alipanda basi kwenda hospitali kubwa bila kumwambia mtu. Daktari, kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanafunzi wake, alimwambia ni presha ya macho, na kwamba amechelewa.

"Kilichopotea hakirudi, mama," alisema. "Tutatumia dawa ya matone kulinda kilichobaki. Nyumbani una mtu wa kukusaidia?"

"Sihitaji mtu," Agatha alisema.

Kilichobaki nacho hakikulindika. Katika miezi michache dunia yake ikawa mwanga na vivuli, kama mtu anayetazama kupitia gunia. Hakumwambia mkuu wa shule, wala mwalimu yeyote. Alihesabu hatua kutoka nyumba yake hadi ofisini, na kutoka ofisini hadi kila darasa. Masomo alikuwa nayo kichwani, kwa hiyo hakuhitaji kitabu. Ramani ya dunia, ile ya turubai yenye fito mbili za mbao juu na chini, alikuwa ameionyesha maelfu ya mara. Fimbo yake ilijua yenyewe pa kwenda. Miaka ya nyuma panya walikuwa wameitafuna pembe yake ya chini, naye akaishonea kiraka cha kitenge. Kiraka hicho kilikuwa mbali chini, kwenye barafu, mahali ambapo hakuwa na sababu ya kugusa.

Tatizo lilikuwa madaftari. Hapo ndipo alipomchukua Fabiola.

Fabiola alikuwa mtoto wa katekista wa Nangwa, msichana mdogo wa umbo, na dawati lake lilikuwa la kwanza kabisa kaskazini. Jioni alikuwa anakwenda nyumbani kwa Agatha, anasoma majibu ya wenzake kwa sauti, na Agatha anasema alama, naye anaiandika kwa kalamu nyekundu.

"Miwani yangu imevunjika," Agatha alimwambia siku ya kwanza. "Mpya inatengenezwa. Usimwambie mtu."

"Sawa, madam."

Miwani haikuja, na Fabiola hakuuliza. Alimchotea maji. Alimwondolea mawe kwenye mchele. Aliona chupa ya matone ya hospitali dirishani. Mara moja alimkuta amevaa sweta nje ndani, akamwambia kwa adabu, naye Agatha akaivua na kuigeuza bila kusema asante. Msichana alijua kila kitu, na alinyamaza kwa muda mrefu. Labda angenyamaza mpaka mwisho.

Katika jaribio la muhula wa pili Fabiola aliugua malaria. Aliingia kwenye chumba cha mtihani akitetemeka, akaandika alichoweza. Karatasi yake mwenyewe alimsomea Agatha jioni, kwa sauti ile ile aliyosomea za wenzake, na Agatha akampa alama bila huruma, jibu baada ya jibu. Msichana akaziandika kwa mkono wake.

Asubuhi iliyofuata, mbele ya wote, Agatha alisema, "Fabiola. Chukua vitu vyako. Unahamia kusini."

"Madam, nilikuwa naumwa. Unajua."

"Ikweta haimjui mgonjwa wala mzima."

Fabiola alivuka njia ya katikati, amebeba mkoba wake, akakaa karibu na mafagio, jirani na Hermani. Hakulia. Jioni alikwenda kuchota maji kama kawaida, akayaweka mlangoni, akaondoka. Kesho yake wakati wa mapumziko aliwaambia watu wa kusini maneno machache tu.

"Yule haoni."

Hawakuamini. Akawaonyesha. Kipindi kilipoanza alisimama katikati ya njia, mbele ya mwalimu, akatoa ulimi. Agatha aliendelea kueleza mvua za tropiki. Fabiola akasogea, akapitisha kiganja mbele ya uso wake kama mtu anayefukuza nzi. Agatha akasema, "Andikeni." Darasa zima likaandika, na hakuna aliyecheka, kwa sababu Fabiola alikuwa amewaonya kwamba atakayecheka atawaharibia.

Jumatatu, kijana aitwaye Pascal, mwepesi wa mikono, alipanda juu ya dawati akaigeuza ramani. Kamba aliihamishia kwenye ufito wa chini. Dunia ikaning'inia kichwa chini, Afrika ikiwa imesimama kwa pembe yake, barafu juu na Ulaya sakafuni.

Agatha aliingia, akaitikia salamu, akashika fimbo.

"Tunaanza na Jangwa la Sahara," alisema, na fimbo ikagonga upande wa kusini wa bara. "Mnaona lilivyo pana. Juu yake kuna Bahari ya Kati." Fimbo ikapanda, ikatua baharini, karibu na barafu. "Na hapa ni Ulaya, ambako walikaa mezani wakatugawana."

"Ndiyo, madam," darasa likajibu kwa pamoja.

Hakuwahi kupata darasa tulivu kama lile. Jumanne aliwapeleka Siberia kwenye maji matupu. Waliitikia na kunakili. Aliwaomba wataje nchi anazozionyesha, nao wakataja zile alizotaka kuzisikia. Alifurahi. Alimwambia mwalimu wa zamu kwamba kidato cha tatu mwaka huu wameiva, na mwalimu wa zamu, ambaye hakuwa ameingia mle, akasema hongera.

Mtu mmoja tu hakuitikia. Jumatano, kipindi kilipokwisha, Hermani alimfuata kwenye korido.

"Ma... ma... madam."

"Sema."

"Ra... ra... ra..."

"Ra nini? Rasi? Rasilimali?" Wanafunzi waliokuwa wanapita walisimama. "Ongea, tuna kazi."

"Ra... wa... wame..."

Neno lilikataa. Akaona njia iliyobaki ni kumrudisha darasani amgusishe ramani kwa mkono, akamshika mkono wa sweta na kumvuta. Siku hizo Agatha alikuwa anashtuka sana akiguswa, kwa sababu hakuona mkono unakuja. Alimpiga kofi. Lilimpata Hermani mdomoni, na pete yake ya fedha ikampasua mdomo wa chini.

"Ukijifunza kuongea, urudi," alisema.

Akaondoka, vidole vyake vikipapasa ukuta. Hermani alibaki amesimama, damu ikimdondokea kwenye shati jeupe. Fabiola alikuwa mlangoni na aliona yote. Alijua kijana alichotaka kusema. Hermani alichukua madaftari yake, akavuka uwanja wa mpira, akashika njia ya Getanuwas.

Ijumaa ikafika, siku ya mahakama. Agatha alikaa kwenye kiti cha hakimu, mgongo kwenye ramani.

"Karani yuko wapi?"

"Hayupo, mheshimiwa," Fabiola alisema. "Tunaomba tuendelee bila karani."

"Endeleeni. Kesi gani?"

"Jamhuri dhidi ya dereva, mheshimiwa. Mimi naendesha mashtaka. Mshtakiwa ni Pascal."

Agatha alipenda kesi za madereva kwa sababu zilifundisha wajibu. Akaegemea kiti, mikono mapajani.

"Mshtakiwa alikuwa dereva wa gari la wanafunzi," Fabiola alianza. Sauti yake ilikuwa ile ile ya jioni, ya kusomea madaftari. "Macho yake yakaanza kufa. Alikwenda hospitali, akaambiwa. Alirudi akaendelea kuendesha, na hakumwambia mtu."

"Mshtakiwa anasemaje?"

"Barabara naijua kwa kichwa, mheshimiwa," Pascal alisema. "Nimeipita maelfu ya mara."

"Hilo si jibu," Agatha alisema. Alikuwa ameanza kufundisha sasa, na sauti ilipanda kidogo. "Sikilizeni wote. Kuumwa si kosa. Katiba inamlinda mlemavu, nimewafundisha. Kosa la huyu ni kuwaficha abiria. Abiria walimpa maisha yao, yeye akawapa uongo. Huyo ni mwizi kuliko mwizi wa ng'ombe. Ng'ombe unaweza kumrudisha." Akageukia upande wa sauti ya Fabiola. "Gari lilipata ajali?"

"Lilipinduka, mheshimiwa. Magurudumu yakawa juu."

"Na yeye?"

"Aliendelea kuendesha."

"Gari likipinduka haliendi, Fabiola. Tengeneza kesi yenye akili."

"Hili liliendelea, mheshimiwa. Jumatatu, Jumanne, mpaka leo. Abiria wote wanaona limepinduka. Yeye tu ndiye hajui."

Bati lilisikika likilia kwa joto. Agatha hakusogea. Ilionekana kama hakuelewa, lakini mkono wake mmoja ulikuwa umeinuka kutoka pajani na kusimama hewani.

"Una kielelezo?" aliuliza mwishowe.

"Kipo, mheshimiwa. Nyuma yako, ukutani."

Alisimama, akageuka, akapapasa turubai kwa viganja viwili. Turubai haina mlima wala bonde, haikumwambia kitu. Akapapasa kwenda chini, kwenye pembe, mpaka ufito wa chini. Palikuwa laini. Kisha mikono ikapanda taratibu, ikapita kichwa chake, ikafika pembe ya juu, na hapo vidole vikakuta kiraka cha kitenge na mishono yake mwenyewe.

Alibaki hivyo, mikono juu, kwa muda. Wale walioketi mbele waliona mgongo wake unapumua.

"Tangu Jumatatu?" aliuliza ukuta.

"Tangu Jumatatu."

"Kijana yule. Hermani. Alikuwa anataka kuniambia?"

"Ndiyo," Fabiola alisema. "Ila hukuwa na muda."

Agatha aligeuka kuwaelekea. Alijaribu kuiweka sauti yake mahali pake, na karibu afaulu. "Mahakama imemwona mshtakiwa ana hatia," alisema. "Hataendesha tena. Kesi imefungwa."

Akaanza kutoka. Alishuka kwenye ikweta yake, ile njia ambayo kwa miaka yote haikuwahi kuwa na kitu, na mtu alikuwa amesukuma dawati katikati. Alilivaa kwa magoti. Akaanguka kifudifudi, sketi ikapanda, kiatu kimoja kikatupwa kwenye mafagio. Halafu mtu wa kusini akacheka, na kaskazini wakafuata, na kicheko kile walichokizuia wiki nzima kikatoka chote, wengine wakigonga madawati, wengine wakishikana mabega. Alipapasa akitafuta kiatu. Alikuwa anapapasa upande ambako kiatu hakikuwapo, na hilo likawaongezea kicheko.

Fabiola hakucheka. Alikiona kiatu kilipo, karibu na mguu wake, na hakukiokota.

Mkuu wa shule, Mwalimu Hatibu, alisikia kelele akaja. Alikuwa mtu wa Dongobesh, wa familia ya wafanyabiashara, mtaratibu, asiyependa matatizo. Alimwinua Agatha, akamvalisha kiatu mwenyewe, akampeleka ofisini na kufunga mlango.

"Madam Agatha, tangu lini?"

"Muda."

"Kwa nini hukuniambia? Zipo taratibu. Tunaweza kukuombea msaidizi. Wapo walimu wasioona wanafundisha vizuri tu nchi hii. Hayo wewe ndiye unayeyafundisha."

"Nayafundisha," Agatha alisema. "Sikuwahi kufikiri yananihusu."

"Basi tuanze kushughulikia."

"Nishikwe mkono kama mtoto, niingizwe mbele ya darasa lile? Hapana. Nitaomba kustaafu kwa ugonjwa."

Hatibu alitakiwa kubishana. Mwenyewe baadaye alilisema hilo kwa mke wake. Lakini kulikuwa na kijana anayejitolea pale shuleni, mwenye shahada, anayesubiri nafasi, na Hatibu alikuwa amemwogopa mwanamke yule tangu alipohamia. "Kama ndivyo unavyoona," alisema, haraka kidogo kuliko ilivyofaa.

Kidato cha tatu kiliadhibiwa kufyeka uwanja. Walifyeka wakiimba.

Kabla ya kuondoka Hirbadaw, Agatha alikodi pikipiki impeleke Getanuwas. Dereva aliulizia mpaka akampata mama yake Hermani, akipepeta mtama. Mama alimletea kigoda, akamsaidia kukaa, akamsalimia kwa heshima kubwa kuliko umri waliopishana.

"Hermani yupo?" Agatha aliuliza.

"Ameenda Mang'ola, mwalimu, kwenye mashamba ya vitunguu. Amepata kibarua."

"Hakusema kwa nini ameacha shule?"

"Alisema mdomo wake haufai shule. Nikamwambia, nenda kwa mwalimu wako wa Jiografia, umweleze. Kila siku alikuwa anakusema wewe. Anasema unaijua dunia yote." Mama aliendelea kupepeta. "Alirudi amepasuka hapa, kwenye mdomo. Nikamuuliza nani amekupiga. Akasema ameanguka. Shuleni mnajua ni nani?"

Agatha alikuwa amekuja na maneno. Alikuwa ameyapanga njia nzima, mgongoni kwa mwendesha pikipiki, kama anavyopanga somo. Sasa alifungua mdomo, na neno la kwanza likakataa kutoka.

"Hatujui," alisema.

Mama akamshukuru kwa kuja mbali hivyo na macho yale. Akamfungia mayai kwenye kitambaa, na Agatha akayapokea. Alipofika barabara kuu alimpa dereva wa pikipiki mayai yote.

Hermani hakurudi. Mwaka uliofuata kidato kile kilifanya mtihani wa taifa na kilifanya vizuri, hasa Uraia. Fabiola alipata nafasi ya kidato cha tano mkoa mwingine. Inasemekana siku ya mahafali alialikwa kutoa neno la shukrani kwa walimu, akawataja wote kwa majina, akamruka mmoja, kisha akasimama kwenye kipaza sauti muda mrefu kana kwamba amesahau kitu, akaenda kukaa.

Agatha alirudi Mbulu, kwa mdogo wake Basili, kwenye nyumba walimozaliwa. Wifi yake, Rogathe, alimpa chumba kilichokuwa cha kuhifadhia mbegu. Hakutendewa ubaya wa kusimulika. Alipewa chakula, kikiwa kimepoa. Alipewa maharage ya kupukuchua, na Rogathe akayarudia nyuma yake bila kujificha, akitupa yaliyooza kwenye ndoo ili ayasikie yakianguka. Wageni walipokuja waliongea juu yake kana kwamba hayumo. "Anakula vizuri?" walimuuliza Rogathe, naye amekaa hapo hapo. Asubuhi watoto wa nyumba walimpa shikamoo mbio mbio wakielekea shule, na mara nyingi marahaba yake iliwakuta wameshafika barabarani.

Siku moja ya kiangazi alimwomba Basili ampeleke ukingoni, pale milima inapokatika na Bonde la Ufa linaanza chini. Ni mwendo wa saa nzima kwa mguu. Basili alikubali kwa sababu alikuwa anapita huko kwenda kumwona mtu wa ng'ombe. Walipofika alimkalisha juu ya jiwe. Upepo ulikuwa unapanda kutoka chini, wa moto, wenye harufu ya magadi.

"Niambie unachoona," Agatha alisema.

"Bonde."

"Ziwa lipo? Limejaa au limerudi nyuma?"

"Lipo."

"Ukingo wake una weupe? Ile chumvi?"

Basili alitazama simu yake. Mtu wa ng'ombe alikuwa amempigia mara mbili. "Dada, kuna ukungu," alisema. "Leo hakuna kinachoonekana."

Jua lilikuwa linamchoma Agatha usoni na kwenye mikono. Mbali chini ndege walikuwa wanalia, na sauti yao ilipanda safi, bila kuzuiwa na kitu.

"Ukungu mzito?" aliuliza.

"Mzito sana."

"Basi," alisema, akanyoosha mkono aongozwe. "Twende kwa mtu wako."